Wati Thelathini kwa Kila Nyumba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo moja ambalo limenishughulisha sana, nalo ni jinsi ya kuweka kikomo cha nguvu za umeme kwa kutumia fyuzi mpya za elektroniki. Najua ya kuwa baadhi ya wasomaji watasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, sisi yanatuhusu nini?" Nawaomba wasubiri kidogo. Jambo hili lina hesabu ndani yake, na tena lina haki ya majirani ndani yake. Na hesabu yenyewe ni ile ile mnayofundishwa darasani, ambayo kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuuliza itamfaa nini akimaliza shule.

Mimi ni mmoja wa waliosoma hapa zamani. Sasa kazi yangu ni ufundi wa vyombo vya umeme wa jua katika sekta ya Muganza, wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Kwa wasiopajua, Muganza iko kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, upande wa uwanda wa Bugarama, ambako Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Huko ndiko kiliko kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na ndiko kuliko mashamba makubwa ya mpunga. Kiswahili kimesikika sokoni kwetu tangu zamani, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kando ya mto Rusizi huku chini ndipo mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la kawaida katika nchi ya vilima. Joto hilo mlikumbuke, maana litarudi katika habari hii.

Wageni hushangaa wakisikia ya kuwa katika wilaya yenye mto wa umeme zimo nyumba ambazo nguzo hazijazifikia. Maji ya Ziwa Kivu hushuka kwa mto Rusizi kwenda Ziwa Tanganyika, nayo yamezungusha mitambo ya Ruzizi ya Kwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha mitambo ya Ruzizi ya Pili tangu mwaka 1989. Mitambo hiyo ya pili ni ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, nazo hugawana nguvu zake. Lakini nguzo na waya hufuata barabara, na mwenye nyumba ya mbali hungoja zamu yake. Wakati anapongoja, hununua paneli ya jua na betri. Na kama fedha hazitoshi, huungana na majirani wakanunua pamoja.

Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa nyumba nne ambao habari zao nataka kuwaeleza. Majina yao siyataji, kwa kuwa si mali yangu. Nyumba ya kwanza ni ya mzee mmoja anayeishi na mjukuu wake wa kike, ambaye mwaka ule alikuwa katika mwaka wa sita wa sekondari na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake. Ya pili ni ya mama mshonaji. Ya tatu ni ya kinyozi. Ya nne ni ya bwana mmoja aliye na televisheni, ambaye huwaonyesha watu mpira kwa faranga chache. Walichanga sawa, wakanunua paneli na betri moja ya volti 12, na kila nyumba ikavutiwa waya wake kutoka kwa mzee, ambako betri iliwekwa.

Mapatano yao yalikuwa mepesi na mazuri. Betri ile ilikuwa ya ampea 100 kwa saa, yaani ikijaa ina wati-saa 1200 hivi. Betri ya namna hiyo, ya risasi na asidi, haifai kunyonywa mpaka mwisho, ama sivyo hufa mapema. Basi wakakubali kutumia nusu tu, wati-saa 600. Nyumba nne, wati 30 kila moja, ni wati 120. Gawanya 600 kwa 120, utapata 5. Maana yake umeme ungewaka tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, na kidhibiti cha chaji kingekata betri ikifika nusu. Kwa kila waya wakatiwa fyuzi ya kioo ya ampea mbili na nusu, kwa kuwa wati 30 ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea mbili na nusu. Hesabu ilikwenda sawasawa.

Lakini usiku baada ya usiku umeme ulizimika saa nne. Msichana akabaki gizani na vitabu vyake, na saa ile moja iliyopotea ndiyo saa ya utulivu, wakati vyombo vimekwisha oshwa na nyumba imenyamaza. Mzee alivumilia juma moja, mawili, kisha akawaita wenzake. Kukawa na maneno. Kila mtu alimtazama mwenye televisheni, naye akajibu kwa neno ambalo halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Alisema, "Mimi nimelipa sawa na ninyi. Fyuzi yangu ipo pale pale, haijakatika hata siku moja. Kama nimezidi, mbona fyuzi haikusema?"

Waliniita nikapime. Nilikuta nyumba ya televisheni inatumia wati 45, na kwa kinyozi vilevile, maana pamoja na mashine ya kunyolea alikuwa na redio kubwa na simu za wateja zikichajiwa. Nyumba mbili kwa wati 30 na mbili kwa wati 45 ni jumla ya wati 150. Gawanya 600 kwa 150, utapata 4. Ile saa ya tano ndiyo iliyoliwa. Na wote wawili fyuzi zao zilikuwa nzima, tena zisizo na hila yoyote.

Basi hapa yafaa tujue fyuzi ya kioo ni kitu gani. Ni waya mwembamba tu, uliokusudiwa kuyeyuka kabla waya wa nyumba haujashika moto. Ni ubunifu mzuri sana. Thomas Edison alipata hati ya kisanduku cha fyuzi mwaka 1890, na tangu hapo sijui ni nyumba ngapi zimeokoka kwa ajili yake. Lakini waya huyeyuka kwa joto, na joto huhitaji muda. Kanuni za kimataifa za fyuzi hizo ndogo zasema wazi kwamba fyuzi ikipitishwa mkondo mara moja na nusu ya namba iliyoandikwa juu yake, isikatike kabla ya saa nzima kupita. Hata ukipitisha mara mbili na sehemu moja ya kumi, ile ya kukatika upesi imepewa hadi dakika thelathini. Fyuzi ya ampea 2.5 basi inapaswa kuvumilia ampea 3.75, na wati 45 katika betri ile ni ampea 3.7 hivi. Haikuwa na ubovu. Ilifanya kazi iliyoumbiwa, yaani kuzuia moto. Kazi ya kugawa haki kati ya majirani haikuumbiwa hiyo, na kuiweka pale iwe shahidi ni kumwomba mlinzi wa mlango awe karani wa mizani.

Niliwaambia hivyo, na mwenye televisheni akafurahi kidogo, kwa kuwa alionekana si mwizi. Kisha nikawaambia ya kuwa siku hizi kuna fyuzi ya namna nyingine.

Fyuzi ya elektroniki ni chipu ndogo, ukubwa wake kama punje ya mahindi au chini ya hapo. Hukaa katikati ya njia ya umeme kama fyuzi ya zamani, lakini ndani yake hakuna kitu cha kuyeyuka. Muna transista iliyo kama mlango, muna kipimo cha mkondo, muna kipimajoto, na muna kitu kinacholinganisha mkondo unaopita na kikomo ulichokiweka. Mkondo ukizidi, mlango hufungwa. Waya ukigusana na waya, hufungwa kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde. Na hatari ikipita, mlango hufunguka tena. Hakuna haja ya kwenda dukani kununua nyingine.

Kikomo huwekwa kwa rezista. Katika chipu za namna niliyotumia, mguu mmoja hutoa mkondo mdogo sana ambao ni nakala ya mkondo mkubwa unaopita mlangoni. Nakala hiyo hupita katika rezista uliyoichagua wewe na kuzaa volti. Volti hiyo ikifikia kiasi kilichowekwa ndani ya chipu tangu kiwandani, chipu hujua ya kuwa mpaka umefikiwa. Rezista ikiwa kubwa, kikomo huwa kidogo. Rezista ikiwa ndogo, kikomo huwa kikubwa. Mwanafunzi anayejua kanuni ya Ohm anaweza kuichagua kwa kalamu na karatasi.

Kama ingekuwa hivyo tu, habari ingekwisha hapa. Lakini mzee aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema, "Kijana wangu, mimi sijui ampea. Niambie neno moja. Usiku ulio mbaya kuliko zote, huyu mtoto atapata wati ngapi?"

Nilimjibu, "Nipe siku mbili, mzee, nikuletee namba mbili badala ya moja." Maana swali lake lilifunua jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Tukisema "kikomo ni wati 30" tunataja namba moja, na kumbe kila kikomo kina namba mbili. Iko dari, yaani nguvu ambazo hazitapitwa kamwe hata mambo yakienda vipi. Na iko sakafu, yaani nguvu ambazo mtu ana hakika ya kuzipata hata bahati ikiwa mbaya. Dari huwalinda wengine dhidi yako. Sakafu hukulinda wewe. Kati ya dari na sakafu kuna nafasi ambayo haina mwenyewe. Nafasi hiyo ndiyo kosa la kipimo.

Tazameni jinsi nafasi hiyo ilivyo pana ukifanya kazi ovyo. Tuseme kiwanda chasema chipu yaweza kukosea 8 katika 100, juu au chini, na rezista 1 katika 100. Jumla ni 9. Tena volti ya betri haikai mahali pamoja. Adhuhuri jua likiwa kali, betri inapochajiwa, hufika volti 14.4, usiku inapokaribia nusu hushuka hadi 11.8. Chipu hupima ampea, haipimi wati. Wati ni ampea mara volti. Sasa, ili nyumba yoyote isipite wati 30 hata adhuhuri, mkondo usizidi ampea 2.08. Kwa kuwa chipu yaweza kukosea kwa juu, lazima uilenge ampea 1.91. Na kwa kuwa yaweza pia kukosea kwa chini, nyumba yenye bahati mbaya itakatwa ikifika ampea 1.74. Usiku, kwa volti 11.8, hizo ni wati 20 na nusu.

Yaani dari ni 30 na sakafu ni 20. Umeahidi wati 30, na binti yule, kama chipu yake ndiyo ile mbaya, atapewa 20. Zile kumi hazikuibwa na jirani. Zimepotea katika uvivu wa fundi. Ndiyo maana nasema kosa la kipimo hulipwa daima na mtu wa mwisho, asiyejua hata kwamba kuna kipimo.

Kosa la kwanza, la chipu na rezista, dawa yake ni subira. Kosa kubwa la chipu ni la kuzaliwa nalo: hii imezaliwa juu kidogo, ile chini kidogo, na kila moja hukaa karibu na tabia yake. Nilizipima zote nne, moja moja, kwa mita nzuri na mzigo ninaoujua, na kwa kila moja nikaongeza rezista ndogo ya kusahihisha. Sikutumia rezista ya kuzungusha kwa bisibisi, kwa sababu vumbi la njia zetu huingia ndani na mtikisiko huisogeza. Nilizilehemu za kudumu. Baada ya hapo kosa lililobaki, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya mita yenyewe, nililihesabu kuwa 2 katika 100.

Kosa la pili, la volti kupanda na kushuka, ndilo lililonirudisha darasani. Nilitaka mkondo upungue volti inapopanda, ili ampea mara volti zibaki kiasi kile kile. Kwa haki kamili mkondo ungetakiwa kufuata mstari uliopinda, yaani wati 30 zikigawiwa kwa volti. Chipu haijui kugawanya. Lakini mstari ulionyooka inaujua, kwani ukiongeza rezista ya pili kutoka kwenye waya wa betri mpaka kwenye ule mguu wa kupimia, mkondo kidogo wa betri huingia pale na kujumlika na ile nakala. Volti ikipanda, mkondo huo wa nyongeza huongezeka, chipu hudhani umeme unaopita ni mwingi zaidi, nayo hufunga mapema zaidi. Kwa rezista moja tu ya bei ndogo, kikomo hushuka kwa mstari ulionyooka.

Je, mstari ulionyooka watosha mahali pa mstari uliopinda? Hapa ndipo nikakumbuka ubao wa darasa la algebra. Katikati ya 11.8 na 14.4 ni volti 13.1, na kila upande tunatoka katikati kwa volti 1.3, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Tuite sehemu hiyo x. Volti ikipanda huwa katikati mara (1 + x). Mkondo kwa mstari wetu hushuka ukawa katikati mara (1 − x). Wati ni zao la hivyo viwili, na kila mmoja wenu anajua kwamba

(1 + x) (1 − x) = 1 − x²

Kama x ni moja ya kumi, x² ni moja ya mia. Basi mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa au chini kabisa, tunapoteza 1 katika 100 tu. Volti imeyumba kwa sehemu ya kumi, na nguvu zimeyumba kwa sehemu ya mia. Ni tofauti ya miraba miwili, ile ile tuliyoikariri bila kujua ya nini, na sasa imekaa kimya ndani ya kisanduku cha bati kule Muganza ikigawa umeme.

Nikahesabu upya. Dari iwe wati 30. Kwa kosa la 2 katika 100 nalenga wati 29.4, ambazo katika volti 13.1 ni ampea 2.24. Chipu yenye bahati mbaya ina 98 katika 100 ya hizo, na mwisho wa mstari una 99 katika 100 ya hizo tena. Zidisha, utapata wati 28 na nusu. Dari 30, sakafu 28 na nusu. Kutoka sakafu ya wati 20 hadi 28 tumempatia binti yule wati nane, bila kumnyang'anya mtu yeyote na bila kununua paneli nyingine. Kwa taa za siku hizi wati nane ni mwanga wa chumba kizima.

Isidhaniwe ya kuwa chipu yo yote hukubali hila hii. Nyingine mguu wake wa kupimia hufanya kazi kwa njia tofauti, na ukiutia mkondo wa nje utaiharibu au utaidanganya vibaya. Lazima usome karatasi ya maelezo ya kiwanda, tena mpaka mwisho, pamoja na maandishi madogo ya chini. Na ukisoma, usiangalie ile namba nzuri iliyopimwa katika joto la nyuzi 25. Kisanduku chetu kimetundikwa chini ya mabati, huku bondeni, na saa nane mchana ndani yake kuna joto ambalo huwezi kulivumilia kwa mkono. Soma safu ya namba za joto kali, hata kama hazipendezi.

Joto lilinilazimisha kuchagua jambo jingine pia. Ziko chipu ambazo mzigo ukizidi hazifungi mlango, bali huushika nusu wazi ili mkondo usipite kikomo. Hiyo yaonekana kuwa upole, lakini mlango ulioshikwa nusu wazi huchoma nguvu ndani yake. Volti nne zikibaki mlangoni kwa ampea 2.2, ni karibu wati tisa katika kitu kilicho kama punje ya mahindi. Nilichagua zile zinazofunga kabisa, zikangoja kidogo, kisha zikajaribu tena. Mwenye nyumba akiona taa zake zimezimika na za jirani zinawaka, anajua bila kuambiwa kwamba ni yeye aliyezidi. Huchomoa kitu kimoja, na baada ya kitambo kidogo taa hurudi.

Vilevile ilibidi kuwahurumia televisheni na mashine ya kunyolea, kwa maana vitu hivyo vinapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Chipu imepewa njia ya kufungua mlango polepole, na saa ya kuvumilia mzidisho wa sehemu chache za elfu za sekunde. Ukiisahau saa hiyo, utakuwa na kikomo sahihi ambacho hakimruhusu mtu kuwasha chochote.

Tena sikuiondoa fyuzi ya waya. Penye betri yenyewe, kabla ya njia kugawanyika, nimeweka fyuzi moja kubwa ya namna ya zamani. Vijana wenzangu katika ufundi wamenicheka kwa hilo. Lakini transista ikifa, mara nyingi hufa mlango ukiwa wazi, si ukiwa umefungwa. Na betri ya namna ile, waya zikigusana, yaweza kutoa mamia ya ampea. Fyuzi mpya hupima haki, ya zamani hulinda moto. Kila moja na kazi yake.

Wala msidhani ya kuwa mambo haya ya dari ni ya Muganza tu. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa vyombo vya elektroniki, IEC 62368-1, imepanga vyanzo vya nguvu katika madaraja kwa wati: hadi 15 ni daraja la kwanza, hadi 100 ni la pili, na zaidi ya hapo ni la tatu, kwa kadiri ya uwezo wake wa kuwasha moto. Mwenye kiwanda anayetaka chombo chake kibaki daraja la pili ana shida ile ile ya kinyozi na mzee: dari isipitwe, na mnunuzi asipunjwe. Ametumia maneno makubwa zaidi, lakini hesabu ni moja.

Siku ya kufunga kisanduku niliomba wote wanne wawepo. Sikutaka waniamini kwa maneno. Niliweka mita ya wati katikati ya ua, nikaanza na waya wa mwenye televisheni, nikiongeza mzigo kidogo kidogo. Mita iliposoma 28 taa zilikuwa zinawaka. Nikaongeza tena kidogo, na kabla namba 30 haijatokea mlango ukajifunga. Nikafanya hivyo kwa waya wa kinyozi, kwa wa mama mshonaji, na mwisho kwa wa mzee. Zote nne zilifunga mle mle, kati ya 28 na nusu na 30. Kinyozi akaomba kurudia ya mzee, kwa kuwa betri iko kwa mzee. Nikarudia. Mzee hakukasirika, alisema, "Mwache aone. Mimi pia ningeuliza."

Kisha nikachukua rangi nikaandika juu ya mfuniko: "Kila nyumba: hakika 28, mwisho 30." Mama mshonaji akauliza kwa nini nisiandike 30 tu, namba nzuri ya mapatano. Nikamwambia, "Mama, ukiandika 30 peke yake, siku moja mtu atapata 29 naye atadhani ameibiwa. Andika zote mbili, na hakuna atakayedai kisichokuwapo."

Sitasema kwamba kila mtu alitoka pale anacheka. Mwenye televisheni alinuna, maana mpira wake ulihitaji wati 45, na sasa kisanduku kilikuwa kinasema kila usiku yale ambayo fyuzi ya kioo haikuyasema. Juma la pili alinunua televisheni ndogo zaidi, na baada ya mavuno akanunua paneli yake mwenyewe kwa ajili ya siku za mechi kubwa. Kinyozi alihamisha kuchaji simu mchana, jua linapokuwa kali na betri imejaa. Umeme wa jioni sasa hufika saa tano. Binti alifanya mtihani wake. Matokeo yake ni siri yake na ya nyumba yao, wala kisanduku changu hakina haki ya kujisifu kwayo. Lakini saa ile moja ya usiku aliipata, na ilikuwa haki yake aliyochangiwa fedha.

Ndugu zangu wanafunzi, nimeandika haya kwa ajili yenu zaidi kuliko kwa ajili ya mafundi. Mtu akikuahidi kipimo, cha umeme au cha mchele au cha mshahara, muulize namba mbili: mwisho wake ni upi, na hakika yake ni ipi. Na siku mtakapokuwa ninyi wenye kupima, msijifiche nyuma ya namba moja iliyo nzuri. Pimeni, sahihisheni, kisha andikeni zote mbili kwa rangi mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Nanyi wazee wenzangu mliosoma hapa, kama yupo kati yenu anayefanya kazi ya namna hii huko aliko, namwomba aandike katika gazeti letu atueleze njia yake. Huenda anayo njia iliyo fupi kuliko yangu, nami nitafurahi kujifunza.

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani,
Muganza, Rusizi